Mama hataki kuuza nyumba ya Lavington, kaka anataka. Nisaidieni mawazo

Mtoto wa Pili:
Wadau, hamjambo. Kikao cha familia kimevunjika jioni hii na sina wa kumwuliza ila nyinyi.

Marehemu baba alinunua nyumba yetu Lavington, hapa Nairobi, mwaka 1974 kwa Mwingereza aliyekuwa akirudi kwao. Ni nusu ekari, nyumba ya mawe yenye paa la vigae, mijakaranda miwili langoni na mparachichi nyuma ya jiko. Baba alifariki 2019 na hati bado ina jina lake. Mama ana miaka 78 na anaishi humo. Sasa kuna mwekezaji anayetaka kujenga maghorofa, anaahidi fleti nne na pesa juu yake. Kaka anasema tukubali, maana majirani wa pande zote mbili wameshauza na jua la asubuhi halitufikii tena. Mama anasema mtaa huu una historia, na atakayekata mti wa baba asimwite mama tena.

Je, historia hiyo ipo kweli, au ni uchungu wa mjane? Na sheria inasemaje?

Mzee wa Gitanga:
Mwanangu, ipo, na ni ndefu kuliko umri wa nyumba yenu. Mapadri Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya St Austin's mwaka 1899, mwaka uleule reli ilipofika Nairobi. Wakapanda kahawa. Pale mnapopita na magari leo palikuwa na mibuni.

Kilichowavuta Wazungu upande huu ni udongo na hewa. Mashariki ya mji ni tambarare ya udongo mweusi: mvua ikinyesha unavimba na kushika maji, kiangazi unapasuka. Huku kwetu ni miinuko ya udongo mwekundu. Maji yanazama upesi, na mti ukipandwa unashika. Mwaka 1913 daktari mmoja kutoka Uingereza, Profesa Simpson, akaandika ripoti iliyotaka watu watengwe kimakazi kwa rangi zao. Wazungu wakabaki na miinuko. Waafrika wakapelekwa tambarare: Pumwani, kisha Kaloleni na Makongeni. Kivuli mnachokaa chini yake kiligawanywa hivyo. Hata mjakaranda wenyewe ni mgeni, asili yake Amerika Kusini.

Binti wa Kawangware:
Kaka, shosho wangu, yaani nyanya yangu, alikuwa yaya katika nyumba za huko kabla ya Uhuru. Kutoka Kawangware ni mwendo mfupi kwa miguu, lakini ilibidi awe na sababu ya kuonekana huko. Miti hiyo aliijua kwa kufagia maua yake ya zambarau kila Oktoba. Alilala kwenye kile chumba kidogo cha nyuma, chenye dirisha la kiganja.

Ndiyo maana baba yako kulala chumba cha mbele mwaka 1974 lilikuwa jambo kubwa sana. Usimwambie mama ni uchungu wa mjane. Mwulize kama chumba cha nyuma bado kipo.

Fundi wa Visima:
Naomba nipingane kidogo. Mimi huchimba visima mitaa hiyo. Palipokuwa na familia moja sasa kuna sitini, mabomba ya maji taka ni yaleyale ya zamani, na kila jengo jipya linataka kisima chake. Mtaa umeshabadilika, na nusu ekari yenu haitaurudisha. Mama akiugua usiku katika nyumba kubwa hivyo, nani atasikia? Mfikirieni yeye kabla ya mti.

Wakili Mstaafu:
Ndugu, simamisha kila kitu. Hati ikiwa na jina la marehemu, hakuna mwenye uwezo wa kuuza, awe kaka yako au hata mama. Lazima mfungue kesi ya mirathi, mpewe usimamizi, na mahakama iuthibitishe, kwa kawaida baada ya miezi sita. Kama baba hakuacha wosia, mama ana haki ya kuishi humo na kunufaika na mali hiyo maisha yake yote, na ardhi haiuzwi bila idhini ya mahakama. Msipokee hata shilingi ya mwekezaji.

Tena kagueni hati yenyewe kwenye Ardhisasa, ule mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni. Nyingi za huko ni za kukodi miaka 99, na ikiwa imebaki michache, bei mnayoahidiwa inabadilika kabisa.

Mtoto wa Pili:
Asanteni sana. Nimemwuliza mama asubuhi hii. Chumba kipo. Anasema wiki waliyohamia baba alipanua dirisha lake kwa mikono yake, kisha akaweka meza. Ndimo tuliposomea sote, na kaka ndimo alipojiandalia mtihani wa kidato cha nne. Nimemsomea kaka maneno ya Binti wa Kawangware kwa simu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema tusubiri mahakama.

Fundi, suala la usiku ni la kweli. Nimeamua kurudi kuishi na mama. Wakili, kesi tunafungua mahakama ya Milimani?

Wakili Mstaafu:
Ndiyo, Milimani, kitengo cha familia. Beba cheti cha kifo, na mpitie kwa chifu awaandikie barua ya kuwatambua warithi wote.