Naomba ushauri: mwimbaji wa roki ninayerekodi jazi

Wakuu, habari zenu. Nimeimba roki miaka mingi, sasa naandaa albamu ya nyimbo za jazi za zamani. Linda Ronstadt, mwimbaji wa roki wa Marekani, alishafanya hivyo mwaka 1983, ila yeye alikuwa na okestra ya mpangaji muziki Nelson Riddle; mimi nina piano, besi la kusimama na ngoma, basi.

Tumerekodi kila chombo peke yake kwa kufuata metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo): sauti safi, lakini swingi, yaani ule mdundo wa kubembea wa jazi, imekufa kabisa. Tukashusha kii (kimo cha sauti cha wimbo) nisilazimike kupaza sauti, ikasaidia kidogo.

Je, turekodi wote pamoja chumba kimoja, hata kama ngoma zitavuja kwenye maikrofoni yangu? Na nifanye mazoezi gani ili niache kuangukia kila pigo kama mwanaroki?