Naomba ushauri: kutundika TV ya inchi 75 kwenye ukuta wa mbao na jipsamu

Wakuu, habari za wakati huu. Naishi Columbus, Ohio, na nyumba nyingi za huku si za tofali kama tulizozoea: ndani ya ukuta ni nguzo za mbao, juu yake jipsamu ya nusu inchi tu. Nataka kutundika TV ya kilo 38 kwa ule mkono unaovutika na kugeuka, ili mama naye aione akiwa mezani. Hapo ndipo hofu yangu ilipo, maana mkono ukivutwa mbele, skrubu za juu zinavutwa kwa nguvu zaidi kuliko TV ikiwa imelala ukutani.

Nguzo nimezipata kwa sumaku, inanasa kwenye skrubu zinazoshikiza jipsamu kwenye nguzo. Zimeachana inchi 16. Shida, bamba la mkono ni jembamba, linashika nguzo moja tu.

Nafikiria nifunge kwanza plaiwudi ya milimita 18 ikatize nguzo tatu, kisha bamba likae juu yake kwa bolti. Jipsamu peke yake siiamini hata kwa fisha (vile viplastiki vya kushikia skrubu ukutani). Je, plaiwudi inatosha, au nitafute bamba pana la kushika nguzo mbili moja kwa moja? Skrubu za milimita 8 nitoboe kwanza kwa biti ya ngapi ili mbao isipasuke? Na chini ya hapo kuna soketi, waya huwa unapanda kando ya nguzo, mnaukwepaje?

Watoto wanacheza hapohapo chini. Aliyewahi kuifanya kazi hii anisaidie tafadhali.