Leseni ya redio ikifika mwisho, msikilizaji naye aulizwe

Mpwa wa Marehemu: Wakuu, naleta hoja hii tuijadili bila matusi.

Mjomba wangu alifariki alfajiri. Saa mbili asubuhi tulikuwa tumeshafika kwenye redio ya mji wetu na karatasi ya tangazo la kifo, tukalipia lisomwe mara tatu: asubuhi ile, mchana na usiku. Likasomwa mara moja. Kabla ya saa saba mchana kituo kikanyamaza. Ukitafuta masafa yao unasikia mkwaruzo tu, kama dagaa wanaokaangwa. Shangazi anakaa ng'ambo ya mto na simu yake huchajiwa siku ya gulio, basi. Alifika tumeshaanua matanga. Baadaye tukasikia kwamba leseni ilikuwa imeisha muda na haijahuishwa. Mwenye kituo ana maelezo yake, ofisi iliyomfungia ina yake. Sisi wa salamu, wa matangazo ya vifo na bei za mahindi hatukuambiwa kitu.

Hoja yangu ni hii. Masafa ni mali ya umma. FM yote inaanzia 87.5 inaishia 108, na hakuna wa kuirefusha. Tunamkabidhi mtu kipande kwa miaka kadhaa, lakini muda ukiisha wanaokaa mezani ni yeye na mamlaka ya mawasiliano, kwetu hapa Tanzania ni TCRA. Mwenye mali yuko nje anasubiri kusikia mkwaruzo. Nataka kituo kilazimike kutangaza hewani, miezi kabla, kwamba kinaomba kuhuishiwa leseni. Msikilizaji awe na haki ya kuandika kuunga mkono au kupinga, na mamlaka itoe sababu za uamuzi wake kwa maandishi.

Kuna waliowahi kuidai haki hiyo. Jackson, Mississippi, kulikuwa na kituo cha televisheni, WLBT, kilichowabagua watu weusi nao ni karibu nusu ya wakazi wa eneo lile. Mwaka 1964 wakazi, wakisaidiwa na kanisa la United Church of Christ, walipinga kisihuishiwe leseni. FCC, mamlaka ya utangazaji ya Marekani, ikawaambia hawana maslahi ya kiuchumi pale, hivyo hayawahusu. Mahakama ya rufaa mwaka 1966 ikasema yanawahusu. Mwaka 1969 mahakama hiyo ikatengua uamuzi wa kukihuishia leseni. Tangu hapo mtazamaji na msikilizaji wa kawaida wana mlango wa kupitia.

Fundi Mnara: Pole kwa msiba, mkuu. Mimi nimepanda minara ya redio ndogo miaka mingi. Nyingi haziangushwi na siasa. Zinaangushwa na bili ya umeme, ada, na mwenye kituo anayekumbuka makaratasi wiki ya mwisho. Nimewahi kufika mahali nikakuta barua ya kukumbushia leseni imewekewa sufuria ya chai. Sasa redio ambayo mtangazaji wake hajalipwa miezi minne, wewe unaiongezea shughuli ya maoni ya wananchi? Halafu hayo maoni tunayajua. Diwani aliyechambuliwa kwenye kipindi cha asubuhi atanunua ream moja ya karatasi, na vijana hamsini wataandika barua zenye mwandiko mmoja.

Jirani wa Kagera: Mimi naogopa kitu kingine. RTLM ya Rwanda ilianza kurusha matangazo Julai 1993, na wasikilizaji wake waliipenda kwelikweli, muziki mzuri, watangazaji wacheshi. Mwaka uliofuata, wakati wa mauaji ya kimbari, redio hiyohiyo ikawa inaelekeza wauaji. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake Desemba 2003, watu wameshakufa. Ukihesabu barua za wapenzi wa kituo, RTLM ingepita. Kuna nyakati mamlaka inatakiwa ikate bila kuuliza mtu.

Mpwa wa Marehemu: Ndugu wa Kagera, umenigusa penyewe. Lakini RTLM haikukosa mtu wa kuikata. Wenye kisu walikuwa upande wake. Na sijasema barua zihesabiwe kama kura. Barua moja yenye ushahidi wa siku, saa na maneno yaliyosemwa iwe na uzito kuliko elfu moja za mapenzi. Nakiri kwamba serikali yenyewe ikiwa ndiyo muuaji, barua hazimzuii.

Ila tazama na upande wa pili. CBS ya Kampala, redio ya ufalme wa Buganda, ilizimwa Septemba 2009 wakati wa ghasia za safari ya Kabaka kwenda Kayunga, ikarudi hewani Oktoba 2010. Zaidi ya mwaka! Hapa kwetu Agosti 2016 Radio Five ya Arusha na Magic FM ya Dar zilizimwa kwa amri ya waziri. Kukata bila kuuliza tumeshakuona sana.

Dada wa Habari: Fundi, hilo la makaratasi usiliachie hapo. Klubrádió, redio ya Budapest, Hungary, ilikuwa ikiikosoa serikali ya waziri mkuu Orbán. Haikuambiwa "mnatukosoa". Baraza la habari lilikataa kuwahuishia leseni kwa sababu waliwahi kuchelewesha taarifa za kiwango cha muziki wa Kihungari wanaopiga. Tarehe 14 Februari 2021 wakatoka kwenye 92.9. Kwa hiyo ninaposikia "ni suala la kiutaratibu tu", naomba kwanza nionyeshwe vituo vingapi vingine vilichelewesha makaratasi hayohayo na vikafanywa nini.

Fundi Mnara: Lakini hao si walihamia intaneti na wanaendelea?

Dada wa Habari: Kamuulize shangazi wa ng'ambo ya mto.

Fundi Mnara: 😄 Haya. Kwenye tangazo la hewani nakubali, sekunde thelathini hazimfilisi mtu. Tena litamwamsha mwenye kituo mwenyewe, maana akishatangaza hawezi kusema alisahau. Kwenye barua bado nasita. Angalau mwandishi athibitishwe na serikali ya mtaa kwamba ni mkazi, na barua zote zibandikwe wazi ili huyo diwani tumjue.

Mpwa wa Marehemu: La ukazi nalichukua. Kubandika wazi sina hakika, kuna mtu ataogopa kuandika. Tuendelee hapo kesho, mimi naelekea kwa mwenye kituo. Tangazo tulilipia mara tatu.

Jirani wa Kagera: Beba risiti.