Kikundi kidogo cha kanisa: urafiki unaanzia wapi?

Swali
Shalom wapendwa. Kikundi chetu tunakutana kila wiki, tunasoma Neno, tunaomba, tunaagana. Lakini mwenzangu anapitia nini nyumbani kwake, sijui. Mnafanyaje hadi watu wafunguke?

Jibu
Mpendwa, angalieni idadi kwanza. Mwaka 1742 Wamethodisti wa mhubiri John Wesley walianza vikundi vya watu kama 12 huko Bristol, Uingereza, na kila mtu aliulizwa habari za roho yake. Sisi tukizidi hapo tunagawanyika, maana wapole hawasemi kitu mbele ya umati.

Halafu daftari! Mama mmoja kwetu huandika kila ombi, na juma linalofuata anamgeukia mhusika: "Yale majibu ya vipimo yalitoka?" Kijana wetu mkimya kuliko wote alifunguka hivyo kuhusu baba yake. Kumbe alikuwa anasubiri kuulizwa mara ya pili.

Jibu
Naunga mkono. Ila siri ya kikundi isitoke, hata kwa kisingizio cha "tumwombee fulani".

Mwuliza swali
Asanteni, daftari naanza nalo. Na yule anayeongea peke yake kikao kizima?

Jibu
Mwite pembeni kabla ya kikao, kwa upendo. Mbele za watu utamwumiza.