Usiku wa waini nyumbani, tuko 10: nyama na jibini ninunue kiasi gani jamani?

MwenyejiMpya
Wadau habari zenu. Jumamosi ijayo nina wageni kwangu, tumepanga usiku wa waini, hakuna kupika, ni kukaa na kupiga stori. Nataka niweke ule ubao wa shakuteri, zile nyama za kukaushwa na jibini na vikorombwezo vyake pembeni. Tutakuwa 10 pamoja na mimi. Shida yangu ni vipimo, kila nikipiga hesabu naishia aidha na kapu la kulisha harusi au na kisahani ambacho watu watatu wakipita tu kwishney. Halafu kuna hili, wawili hawali nguruwe kabisa, mmoja hali nyama ya aina yoyote, mmoja ni mjamzito, na huyo mjamzito na mwingine mmoja hawagusi pombe. Naomba mnitajie gramu, msiniambie "nunua za kutosha" maana hizo za kutosha ndio nazitafuta wiki nzima sizioni.

KisuButu
Kabla ya gramu, unawaita saa ngapi?

MwenyejiMpya
Saa moja usiku mpaka saa nne hivi. Kwani inahusiana nini?

KisuButu
Ndio jibu lenyewe hilo mkuu. Mtu ukimwita saa moja usiku anakuja na njaa yake, hata umwambie kuna vitafunwa tu yeye anajua anakuja kula. Ubao ukiwa wa kuchokoachokoa kabla ya chakula, nyama gramu 50 mpaka 60 kwa kichwa na jibini hivyohivyo inatosha, na kuna kitakachobaki. Ukiwa ndio chakula chenyewe panda mpaka gramu 80 au 100 za nyama na jibini nayo 80 au 100, halafu mkate wa maana uwepo, sio biskuti za chumvi peke yake. Wako ni huu wa pili, usijidanganye.

Na usianze na aina. Watu wanaingia dukani wanaanza kuchagua, hii nzuri, na hii nayo nzuri, kila moja wanabeba pakiti, ndio hilo kapu lako la harusi. Anza na jumla kisha ndio ugawe. Jibini inaliwa na wote 10, weka gramu 900. Nyama toa asiyekula na toa mjamzito (atakuja mtu kueleza kwa nini), wanabaki 8, mara gramu 100 ni 800. Basi, umemaliza, mengine yote ni mapambo.

ChupaTupu
Gramu 100 ya nyama kwa mtu ni kidogo kwa wanaume wazima wanaokunywa mpaka saa nne, mimi ningeweka 150.

KisuButu
Kwa nyama ya kuchoma sawa, hizi ni za chumvi na mafuta, zimekauka, mtu hali 150 bila kutafuta maji usiku kucha. Na zinakatwa nyembamba, gramu 100 za proshuto (paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi) ni vipande 6 mpaka 8 vile virefu. Ukivilaza chali vinagandana vinaonekana hakuna kitu, ila ukishika kipande kwa ncha ukakiacha kijiangukie chenyewe kwenye ubao kinajikunjakunja kinasimama, gramu ileile inajaza sehemu mara mbili na mgeni anakinyanyua bila kukipasua. Salami nayo, ile soseji kavu inayokatwa vipande vya duara, ikunje nusu, halafu nusu tena.

mama_wawili
Nimekuja kueleza kuhusu mjamzito. Jibini laini zenye ukungu wa nje kama brie na camembert, na zile za ukungu wa bluu zilizo laini, aziache, sababu ni bakteria anaitwa listeria, anapenda unyevu na wala hata kwenye friji anazaliana. Hata ya mbuzi, ikiwa na ile ngozi nyeupe ya ukungu ni walewale. Pate, ule mchanganyiko wa kupaka wa maini au nyama iliyosagwa, pia hapana. Nyama za kukausha nyingi hazijapikwa, zimetiwa chumvi tu zikaning'inizwa, ndio maana KisuButu kamtoa kwenye hesabu. Jibini ngumu ya maziwa yaliyopasteurishwa (yaliyopashwa moto kuua vijidudu) kama cheda na gouda anakula bila wasiwasi, kwa hiyo mpe hizo kwenye sahani yake, na kama unampenda kweli mchomee kuku kidogo aive kabisa umpelekee wa moto, ndio ashibe na yeye.

Asiyekula nyama angalia lebo ya jibini, Parmigiano Reggiano inagandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama, kuna watu wanalijali hilo na kuna wasiojali, muulize mapema kuliko aanze kusoma pakiti mbele za watu.

Sasa wale wawili wa nguruwe, hapa ndio wenyeji wengi wanateleza. Unasema wako wawili basi nanunua nyama ya ng'ombe ya watu wawili. Hao wengine 6 nani kawakataza kula ya ng'ombe? Wanakula zote, na ya ng'ombe ndio inaisha kwanza, wenye masharti wanabaki wanakodolea zeituni. Kwenye zile gramu 800 fanya zaidi ya nusu isiwe nguruwe. Bresaola ni ng'ombe, salami ya ng'ombe ipo, bata wa moshi yupo. Na isikae ubao mmoja na nguruwe, mafuta ya salami yanatembea, na ile koleo inapita huku na huku. Ubao wake, koleo yake.

MwenyejiMpya
Dah mama_wawili hilo la ng'ombe kuisha kwanza sikuwa nimeliona kabisa, nilikuwa nimeandika pakiti moja. Kwa hiyo salami ya ng'ombe 250, bresaola 200, proshuto 150, salami ya nguruwe 200, ndio 800. Jibini nilitaka aina saba ili ubao upendeze.

KisuButu
Saba za nini. Gramu 900 ukigawa kwa saba ni vipande vya kuonjesha, na kila mtu atapenda moja itakayoisha. Watu 10 jibini nne zinatosha na zitofautiane kweli, laini moja, ngumu iliyokomaa moja, ya katikati moja, na ya mbuzi au ya bluu.

ChupaTupu
Hapa napingana na wewe, ubao ni macho kwanza. Aina sita ndogondogo zinapendeza kuliko magunia manne.

Zeituni_Kavu
Macho yanajazwa na zabibu na tini na matango ya siki, havina gharama ya jibini na vinakata mafuta mdomoni. Nakazia nne. Brie 250, cheda iliyokomaa 250, gouda 250, ya mbuzi 150, hesabu imefika 900. Cheda na gouda zikate kabisa kabla hawajafika, watu wanaona aibu kuanza kukata kitu kizima, unaweza ukakaa nacho usiku mzima hakijaguswa. Brie iache nzima ila toa pembe moja uanze wewe, na kata kutoka katikati kwenda pembeni kama pembetatu, mtu akikata ncha ya katikati peke yake anabeba utamu wote anawaachia wenzake ngozi.

Njugu na lozi weka kwenye bakuli mbali na ubao mpaka uhakikishe hakuna mwenye aleji. Asali au jamu ya tini kijiko kimoja kimoja cha chakula kwa mtu, usizidishe. Mkate vipande 4 au 5 vyembamba kwa kichwa na biskuti za chumvi kama 5, ila biskuti usiziweke zigusane na jibini, zinavuta unyevu zinalainika.

mama_wawili
Jibini itoke friji nusu saa mpaka saa nzima kabla, ile laini nusu saa tu, ikiwa baridi haina ladha. Cheda utaiona uso umeanza kung'aa mafuta kidogo, hapo iko tayari. Lakini nyama na jibini laini zisikae nje zaidi ya masaa mawili, na kama chumba ni cha joto kali lile la kupita nyuzi 32 basi saa moja tu. Sasa wewe una masaa matatu.

MwenyejiMpya
Sasa hapo nafanyaje, nikusanye vyombo saa tatu watu wakiwa bado wanakula?

KisuButu
Weka nusu. Saa moja toa nusu ya kila kitu, nusu nyingine ibaki friji imefungwa. Saa mbili na nusu ondoa ubao, kilichobaki kama ni kidogo kimalizieni, kisha leta ubao wa pili msafi. Hii ndio inakutoa kwenye wasiwasi wako wa vipimo pia, maana wakila taratibu ile nusu ya pili hata huifungui, kesho yake ni nyama nzima na jibini nzima ya kwako, wala sio mabaki yaliyoshikwashikwa. Na wakila kama nzige unajua mapema kwamba raundi ya pili mkate uongezeke. Ubao mmoja mkubwa uliojaa mpaka pembeni ni mzuri wa picha ya kwanza tu, baada ya dakika 40 umekuwa uwanja wa vita.

ChupaTupu
Haya hilo nimekubali. Twende kwenye maana ya usiku wenyewe, chupa. Chupa ya kawaida ya mililita 750 inatoa glasi 5 za mililita 150. Wanywaji ni 8, piga glasi mbili saa la kwanza na moja kila saa linalofuata, ni 4 kwa mtu, jumla 32, chupa 7. Anza na ya mapovu 2 maana inaelewana na chumvi ya nyama kuliko waini yoyote, nyeupe 2, Sauvignon Blanc na ile jibini ya mbuzi ni ndoa ya halali, nyekundu 3 nyepesi kama Pinot Noir. Zile nyekundu nzito zinazokausha ulimi ziache, na brie zinaacha uchungu. Ya mapovu iwe baridi nyuzi 6 mpaka 8, nyeupe 8 mpaka 12, nyekundu nyepesi kama hiyo 13 mpaka 16, maana yake chumba kikiwa na joto hata nyekundu iingie friji kama dakika 20.

Zeituni_Kavu
Na wasiokunywa wawili wasipewe maji ya bomba kwenye kikombe cha plastiki tafadhali. Juisi ya zabibu nyeusi na maji ya gesi, glasi zilezile za wenzao. Maji ya kawaida yawepo mezani kwa wote, mengi, hiyo chumvi sio ya mchezo.

MwenyejiMpya
Nimeandika yote. Swali la mwisho, ule ubao wangu ni sentimita 30 kwa 45, unatosha?

KisuButu
Kwa nusu ya mzigo unatosha vizuri, ule wa ng'ombe tafuta sahani yoyote bapa. Panga bakuli za zeituni na asali kwanza, halafu jibini, nyama zifuate, matunda ya kuziba mapengo mwishoni. Matofaa ukikata yapitishe kwenye maji ya limao yasigeuke kahawia.

mama_wawili
Na nusu ya pili ikibaki jibini izungushie karatasi ya kuokea ndio uitie kwenye chombo, nailoni inaifanya itoke jasho. Jumapili tupe mrejesho, hasa kuhusu ile ya ng'ombe kama ilifika raundi ya pili.