Fundi bila cheti, hii ya serikali ya kurasimisha ujuzi ni kweli au stori za kijiweni?

fundi_mrombo:
Wakuu salama? Nipo Arusha huku kwa Mrombo, kazi yangu uashi, nimefundishwa saiti na mjomba tangu namaliza la saba, msingi najenga, lenta namwaga, plasta ndo usiseme. Shida cheti. Juzi walikuwa wanachukua mafundi wa mradi wa madarasa, kila mtu anaulizwa cheti, mimi nikarudishwa, dogo niliyemfundisha kushika pima maji akabaki maana yeye kapita chuo cha ufundi cha VETA. Sasa nasikia serikali inawapa mafundi kama sisi cheti bila kukaa chuo miaka miwili. Form four sina, isije ikawa nahangaika bure.

chalii_sakina:
Ni kweli arif. Ipo kwenye ile programu ya kukuza ujuzi ya Ofisi ya Waziri Mkuu, VETA ndo wanapima. Form four hawana shida nayo, wanataka kuona mkono wako. Unapewa kazi unafanya wanakuangalia, maswali yapo, pale unapopwaya unafundishwa kwanza ndo cheti kinakuja. Mimi ni fundi bomba, ila wale wa uashi niliokuwa nao kilichowatoa jasho ni kusoma ramani na mambo ya usalama, kofia na kiunzi, maana saiti zetu tunapanda na ndala tu 😂

mzee_wa_kokoto:
Hiyo ya serikali msiione msaada jamani. Mwajiri mwenye watu 10 na kuendelea analipa SDL, yaani tozo ya kuendeleza ujuzi, zamani ilikuwa asilimia 6 ya mishahara, mwaka 2023 ikashushwa hadi 3.5. Hela ya mafunzo hiyo, na bado sehemu yake inaenda mikopo ya vyuo vikuu. Fundi anaona makombo.

DadaNondo:
Mzee kwenye hilo sikupingi, ila dogo kauliza cheti tusimpoteze. Mimi nipo Moshi, nasimamia wafunga nondo. Mhandisi mshauri akija anataka orodha ya mafundi na vyeti vyao, asiye nacho namwandika saidia fundi hata kama anajua kuliko wote, na malipo yake yanakuwa ya saidia fundi, inauma lakini sina namna.

fundi_mrombo:
Duh. Kwa hiyo naanzia wapi, na bei je?

chalii_sakina:
Chuo chochote cha VETA kilicho karibu, ulizia kurasimisha ujuzi. Awamu ya programu ikiwepo serikali inalipa, isipokuwepo wanakwambia gharama pale pale ofisini. Usimpe mtu hela mtaani.

DadaNondo:
Na uanze leo kupiga picha kazi zako, msingi kabla haujafukiwa, kona, lenta, zote. Mjomba naye akuandikie barua kwamba umefanya naye kazi, aweke na namba ya simu.