Naomba ushauri: desturi ya familia yetu inatuponyoka tangu bibi afariki

Mkazi wa Langoni (mwanzilishi wa uzi)

Assalamu alaikum ndugu zangu. Familia yetu hapa Lamu ilikuwa na desturi ya kukusanyika nyumbani kwa bibi, Ijumaa ya mwisho ya Shaabani, ili kuvunja jungu kabla ya Ramadhani kuingia. Baada ya sala tulizunguka masinia ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, na alasiri tukasoma khitma ya marehemu wetu. Kila jina lilipotajwa, bibi alieleza mtu huyo alikuwa nani, alikaa wapi na alioa kwa nani, na hapo ndipo wengi wetu tulipotambua kwamba watu wa Siu na Matondoni tuliokuwa tukiwaamkia njiani ni jamaa zetu wa damu.

Sasa mambo yamelegea. Kaka yangu wa Mombasa anataka tuagize chakula kwa mpishi, dada anataka tukutane hotelini Malindi kwa kuwa iko njiani, wake za kaka zangu wamesema wazi kwamba hawatapikia halaiki, na wanangu wanaiona kuwa siku ya kunyimwa simu. Je, niishikilie desturi hii kama ilivyokuwa, niibadilishe, au niiache iende na mwenyewe?

Bi Mkubwa wa Shela

Wa alaikum salaam, mwanangu. Wake za kaka zako usiwalaumu. Kwa maelezo yako, kazi yote ilikuwa ya bibi yenu, na nyinyi nyote mlikuwa wageni wake. Ndiyo maana alipoondoka hapakuwa na mtu aliyejua pa kuanzia. Kabla hujafikiria mahali wala chakula, gawa kazi. Wanaume waende kwa wavuvi alfajiri na samaki wawachome wenyewe, vijana wa kiume kwa wa kike wakae kwenye mbuzi wakune nazi, na wadogo wanawishe watu mikono. Sisi hapa tulipunguza vyakula vikabaki viwili, na hakuna aliyelalamika isipokuwa shemeji mmoja, ambaye hulalamika hata siku ya Idi. Hoteli siipendi, kwa sababu mtoto hatumwi kazi hotelini, na asipotumwa hana cha kukumbuka.

Mwalimu mstaafu, Malindi

Naafikiana na Bi Mkubwa, ila msiogope kubadilisha. Maulidi ya Lamu, ambayo kila Mfungo Sita huwaleta wageni wa pwani nzima katika Msikiti wa Riyadha, wengi huyadhani kuwa ya tangu na tangu. Kumbe sura yake ya leo inatokana na Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija akahamia Lamu katika karne ya 19, na wapo wanazuoni wa mji waliopinga matari yake wakati huo. Naamini yamedumu kwa kuwa yana kazi kwa wengi: wenye nyumba hupokea wageni, wanafunzi wa madrasa hughani kasida, na hata wenye punda wana mashindano yao.

Jambo jingine ni kalenda. Mwaka wa mwezi mwandamo hupungua siku 11 hivi kuliko wa jua, kwa hiyo Shaabani haitaandamana na likizo za shule kila mara. Miaka inayoangukia katikati ya muhula, someni khitma Idi ya Fitri, ambayo ni sikukuu ya kitaifa na walio mbali hupata ruhusa. Jungu halivunjwi baada ya mfungo, lakini khitma haina msimu.

Mtoto wa Lamu, Doha

Nawasemea tulio ughaibuni. Tafadhali msituweke kwenye simu ya video kutwa nzima tukitazama migongo ya watu wakila. Msahafu una juzuu 30. Tugawieni kila mmoja juzuu yake aisome huko aliko, kisha mtupigie wakati wa dua. Pesa za samaki tutatuma, na kaka wa Mombasa asione kuwa ni mchango mdogo.

Kijana wa Mkomani

Mbona wote mmeshughulika na samaki? Wali hupatikana kokote. Aliyekuwa akieleza majina ndiye aliyeondoka, na wanao wakisomewa majina ya watu wasiowajua, watakuwa na haki ya kutaka simu zao. Mtafuteni mzee anayejua nasaba hizo, kabla hamjapanga tarehe.

Mkazi wa Langoni

Shukrani nyote, hasa kwako kijana wa Mkomani, kwa kuwa hilo sikuwa nimelitazama. Shangazi yangu wa Matondoni anawajua marehemu ambao hata bibi hakuwataja, naye amekubali kukaa na binti yangu, ambaye atamrekodi kwa hiyo hiyo simu tunayogombania. Wake za kaka zangu wameridhia ikiwa ni vyakula viwili na moto ni wa wanaume. Dada bado anaitaka hoteli yake. Limebaki moja: shangazi hawezi tena ngazi za nyumba ya bibi. Je, kuna ubaya tukihamia kwake?

Bi Mkubwa wa Shela

Hamieni Matondoni, mwanangu. Na huyo kaka wa Mombasa afike tangu Alhamisi, maana samaki wa alfajiri hawamngojei mtu wa basi.